Takwimu au maelezo? Swali la utafiti ndilo liamue

MWANAFUNZI wa uzamifu katika chuo kikuu chochote nchini anapowasilisha pendekezo lake la utafiti mbele ya jopo la idara, mojawapo ya maswali ya kwanza anayoulizwa ni iwapo atatumia mbinu ya kitakwimu au ya kimaelezo.

Jibu huwa tayari mdomoni. Tatizo ni kwamba aghalabu huwa tayari hata kabla ya mwanafunzi huyo kujua barabara anachotaka kukitafiti.

Kuna aliyeamua kutumia hojaji kwa kuwa ndivyo walivyofanya waliomtangulia katika idara. Yupo aliyekimbilia mahojiano kwa kuwa hesabu zilimlemea tangu enzi za shule ya upili. Mwingine aliambiwa na msimamizi wake kwamba utafiti usio na majedwali si utafiti, naye akatii.

Katika hali zote hizo tatu, mbinu imechaguliwa kwanza na swali likatafutwa baadaye ili lilingane nayo. Ni sawa na fundi anayenunua msumeno kisha akaanza kuuliza iwapo mteja anataka kutengenezewa mlango au kujengewa ukuta.

Mwananchi wa kawaida aweza kudhani kwamba huu ni ugomvi wa wasomi usiomhusu ndewe wala sikio. Hata hivyo, matokeo ya tasnifu hupenya katika ripoti za wizara, mipango ya kaunti na maombi ya ufadhili ya mashirika. Isitoshe, wanaoziandika ndio wanaokabidhiwa hatimaye jukumu la kuwafunza vijana namna ya kutafiti. Kosa la mmoja hurithiwa na darasa zima.

Shinikizo la kupata shahada hiyo nalo limeongezeka. Viwango vilivyotolewa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu (CUE) mwaka wa 2014 viliifanya shahada ya uzamifu kuwa sharti kuu kwa anayetaka kuwa mhadhiri, na vikamtaka mtahiniwa awe amechapisha makala mawili katika majarida yanayohakikiwa na wataalamu kabla ya kuhitimu.

Mbio zikaanza. Mnamo Juni 2019, Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta (JKUAT) kilipowatuza watu 118 shahada za uzamifu katika mahafali moja, mjadala ulizuka kote nchini na CUE ikaanzisha uchunguzi. Wengi waliochangia mjadala huo walizungumzia idadi ya wahitimu na ya wasimamizi. Wachache mno waliuliza jinsi utafiti wenyewe unavyofanywa, ilhali hapo ndipo ubora wa tasnifu unapojengwa au kubomolewa.

MBINU MBILI, MASWALI MAWILI

Kwa ufupi, mbinu ya kitakwimu hujibu maswali ya kiasi: ni wangapi, ni kwa kadiri gani, kipi huongezeka kingine kinapopungua. Mtafiti huanza na nadharia tete, akaamua mapema vigeu atakavyovipima, akakusanya data kutoka kwa watu wengi kwa njia moja isiyobadilika, kisha akapima iwapo tofauti anazoziona zingeweza kutokea kwa bahati tu.

Mbinu ya kimaelezo hujibu maswali ya namna na sababu: watu wanalielewaje jambo, wanaliishije, kwa nini wanatenda wanavyotenda. Mtafiti hukaa na watu wachache kwa muda mrefu, akawasikiliza, akawatazama, akasoma nyaraka zao, na huenda akabadilisha maswali yake kadiri anavyoelimika.

Mbinu zote mbili zina nasaba yenye heshima. Mwanasosholojia Mfaransa Émile Durkheim alitumia takwimu za vifo katika kitabu chake kuhusu kujiua, kilichochapishwa mwaka wa 1897, kuonyesha kwamba hata tendo linaloonekana kuwa la siri na la mtu binafsi lina sura ya kijamii inayoweza kupimwa.

Naye Bronislaw Malinowski aliishi miongoni mwa wenyeji wa visiwa vya Trobriand kati ya 1915 na 1918, akajifunza lugha yao na kuufanya uwanja wa utafiti kuwa makao yake. Mwanafunzi wake mmoja katika chuo cha London School of Economics alikuwa Jomo Kenyatta, ambaye masomo yake ya anthropolojia yalizaa kitabu "Facing Mount Kenya" mwaka wa 1938. Malinowski ndiye aliyekiandikia dibaji.

Kitabu hicho hakina jedwali la asilimia za Wakikuyu waliokubali au kukataa jambo fulani. Swali lililokuwa mbele ya mwandishi lilikuwa jinsi umiliki wa ardhi, ndoa, malezi na utawala vilivyoshikamana katika jamii moja, na hojaji isingeweza kulijibu. Waliokihakiki wamekikosoa kwa mengine, hasa kwamba mwandishi alikuwa pia wakili wa jamii yake. Ukosoaji wa aina hiyo una uzito kuliko ule wa kuuliza majedwali yako wapi.

ASILI YA NAMBARI 384

Anayepitia tasnifu za sayansi ya jamii katika maktaba za vyuo vikuu vya Kenya hakosi kukutana na nambari 384. Wakulima 384, walimu 384, wateja 384 wa benki. Nambari hiyo imerudiwa mno hivi kwamba baadhi ya wanafunzi huiona kama sharti la chuo.

Chanzo chake ni hesabu rahisi. Chukua 1.96, ambayo ndiyo thamani inayoambatana na kiwango cha uhakika cha asilimia 95, uizidishe kwa yenyewe. Zidisha jibu kwa 0.5 na tena kwa 0.5, kisha ugawe kwa 0.05 iliyozidishwa kwa yenyewe. Jibu ni 384.16. Jedwali maarufu la Krejcie na Morgan la mwaka wa 1970 hufikia hapo hapo: kwa watu 1,000 sampuli ni 278, kwa watu 10,000 ni 370, na kwa watu milioni moja ni 384.

Hesabu yenyewe haina dosari. Dosari iko katika kusahau masharti yake. Kwanza, inadai kwamba kila mtu katika umma unaotafitiwa awe na nafasi ya kuteuliwa inayojulikana. Mtafiti anayesimama nje ya duka la jumla na kuwapa hojaji wapita njia walio na muda wa kusimama hajatimiza sharti hilo, hata akiwapata watu 384 au 3,840.

Pili, hesabu hiyo ni ya kukadiria uwiano mmoja katika umma mzima, kwa kosa lisilozidi asilimia tano juu au chini. Haisemi lolote kuhusu kulinganisha makundi. Anayewagawa watu 384 katika kaunti zote 47 atabaki na takriban watu wanane kwa kila kaunti. Ajabu ni kwamba tasnifu kama hiyo yaweza kufunga kwa mapendekezo kwa kila serikali ya kaunti, kana kwamba watu wanane wanaweza kuisemea Turkana nzima au Kilifi nzima.

Tatu, anayetafuta uhusiano kati ya vigeu kadhaa, au anayetaka kujua iwapo mradi fulani ulileta mabadiliko, anahitaji hesabu nyingine inayozingatia ukubwa wa tofauti anayotarajia kuiona. Tofauti ikiwa ndogo, 384 huwa wachache mno. Ikiwa kubwa, huenda wakawa wengi kupita kiasi, na fedha za mwanafunzi zikateketea bure.

Kitabu cha mbinu za utafiti cha Olive Mugenda na Abel Mugenda, kilichochapishwa mwaka wa 1999 na ambacho kimenukuliwa katika tasnifu nyingi nchini, kinazizungumzia mbinu zote mbili, na hata kichwa chake kinatamka hivyo. Kukinukuu kwa ajili ya kuhalalisha idadi ya sampuli pekee ni kukidhulumu.

WANAOKIMBIA HESABU

Ingekuwa kosa, hata hivyo, kudhani kwamba wanaochagua mbinu ya kimaelezo wamesalimika. Kambi hiyo nayo ina nambari yake ya miujiza: kumi na mbili.

Mwaka wa 2006, Greg Guest na wenzake walichapisha makala yaliyochunguza mahojiano 60 waliyoyafanya na wanawake nchini Ghana na Nigeria. Waligundua kwamba mambo mengi muhimu yalikuwa yamekwisha kujitokeza katika mahojiano 12 ya kwanza. Tangu hapo, idadi hiyo imegeuzwa kuwa kibali cha kufunga daftari na kurudi nyumbani.

Watafiti hao walitahadharisha kwamba wanawake waliohojiwa walifanana kwa mengi na waliulizwa maswali yanayofanana kuhusu jambo lenye mipaka. Mwanafunzi anayetafiti jinsi ugatuzi unavyoeleweka na wafugaji, wafanyabiashara, machifu na vijana wasio na ajira hawezi kudai kwamba watu watatu wa kila kundi wamemwambia yote.

Dhana inayopaswa kumwongoza ni ile iliyoelezwa na Barney Glaser na Anselm Strauss mwaka wa 1967, kwamba mtafiti huacha kukusanya data pale ambapo data mpya haiongezi lolote jipya katika ufafanuzi wake. Kufikia hapo ni lazima awe anachanganua huku akiendelea kukusanya. Anayekusanya yote kwanza, kisha akaanza kuyasoma akiwa amebakisha miezi michache kabla ya kutetea tasnifu, hana namna ya kujua alipopaswa kuachia.

Kosa jingine la kambi hii ni kunukuu bila kuchanganua. Kurasa hujaa maneno ya wahojiwa, mmoja baada ya mwingine, kisha mwandishi akahitimisha kwamba wengi walisema hivi au vile. Neno "wengi" ni la kitakwimu. Anayelitumia baada ya kuwahoji watu 12 aliojichagulia mwenyewe amerejea kwa mlango wa nyuma katika hesabu alizozikimbia.

Aidha, anayedhani kwamba mahojiano ni njia ya mkato hajawahi kuketi kuyanukuu. Saa moja ya mazungumzo yaliyorekodiwa huweza kumla mtafiti nusu siku au zaidi kuyaandika neno kwa neno. Yakiwa yalifanywa kwa Kigiriama, Dholuo au Kikamba, kisha tasnifu iandikwe kwa Kiingereza, kazi huwa maradufu na kila hatua ya tafsiri huchota kidogo cha maana.

LUGHA NA HESHIMA

Suala la lugha linazikabili mbinu zote mbili, na halipewi uzito linaostahili.

Hojaji nyingi huandikwa kwa Kiingereza, zikiwa na ngazi tano za majibu kutoka kukubali kabisa hadi kukataa kabisa. Msaidizi wa utafiti akifika kijijini huzitafsiri papo hapo, kila mmoja kwa namna yake. Mzee wa Siaya na mama wa Makueni huenda wakawa wamejibu maswali mawili tofauti, ilhali majibu yao yataingizwa katika safu moja ya kompyuta kana kwamba walisikia neno lile lile.

Fauka ya hayo, mgeni aliyefika na karatasi hupokewa kwa heshima. Mwenyeji hataki kumvunja moyo, au anatumaini kwamba nyuma ya karatasi hizo kuna msaada. Atakubali hili na kulikubali lile. Asilimia 87 ya waliokubali katika jedwali huenda ikawa ni asilimia 87 ya watu wenye adabu.

Mahojiano marefu hupunguza tatizo hilo kwa kuwa mtu hawezi kudumisha adabu ya ugeni kwa siku kumi. Lakini yana hatari yake: mtafiti aliyezoeana na watu aweza kuanza kuyaona mambo kwa macho yao tu, akasahau kuuliza yale ambayo wenyeji hawataki yaulizwe.

BUSIA NA KISUMU

Mifano miwili ya humu nchini yaonyesha vyema jinsi swali linavyopaswa kuiongoza mbinu.

Wa kwanza ni wa vitabu vya kiada. Katikati ya miaka ya tisini, wanauchumi Paul Glewwe, Michael Kremer na Sylvie Moulin walichunguza mradi uliotoa vitabu kwa shule za msingi katika wilaya za Busia na Teso. Shule 25 kati ya 100 zilipewa vitabu mwaka wa 1996 huku nyingine zikisubiri, na uteuzi ukafanywa kwa njia ambayo haikuzipendelea zilizokuwa na uwezo.

Swali lao lilikuwa la kiasi: je, vitabu huongeza alama? Takriban kila mtu angejibu ndiyo bila kufikiri. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka wa 2009, yalionyesha kwamba vitabu havikupandisha wastani wa alama. Walionufaika ni wanafunzi waliokuwa tayari wanaongoza darasani.

Hakuna idadi ya mahojiano ambayo ingefichua jambo hilo. Walimu wangesema kwamba vitabu vimesaidia, wazazi wangeshukuru na wanafunzi wangefurahi. Ni ulinganishaji wa shule zilizopewa na ambazo hazijapewa ulioondoa pazia. Kremer alikuja kuwa mmoja wa washindi watatu wa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka wa 2019 kwa majaribio ya aina hiyo.

Lakini takwimu hizo zilizua swali jingine: kwa nini? Watafiti walieleza kwamba vitabu viliandikwa kwa Kiingereza, lugha ambayo kwa watoto wengi wa eneo hilo ni ya tatu, na kwamba mtaala ulilenga wanafunzi bora. Anayetaka kujua zaidi kinachotukia mtoto wa darasa la nne anapofungua ukurasa asioweza kuusoma, na kile mwalimu wake anachofanya wakati huo, hatakipata katika jedwali. Atalazimika kwenda kuketi nyuma ya darasa.

Mfano wa pili ni wa tohara ya wanaume. Kati ya 2002 na 2006, watafiti wakiongozwa na Robert Bailey waliwasajili wanaume 2,784 wa umri wa miaka 18 hadi 24 mjini Kisumu. Waligawanywa kwa nasibu: kundi moja likatahiriwa mara moja, jingine likasubiri. Desemba 2006 jaribio lilisitishwa mapema kwa kuwa matokeo yalikuwa dhahiri. Hatari ya kuambukizwa virusi vya Ukimwi ilikuwa imepungua kwa asilimia 53 miongoni mwa waliotahiriwa.

Takwimu ziliamua iwapo tohara inakinga. Hazikuamua iwapo jamii ya Waluo, ambayo kijadi haitahiri wanaume, ingeikubali. Swali hilo lilikuwa limeshughulikiwa kwa njia nyingine. Makala yaliyochapishwa mwaka wa 2002 na Bailey na wenzake yalitokana na majadiliano ya vikundi katika mkoa wa Nyanza. Vikwazo vikuu vilivyotajwa ni utambulisho wa kitamaduni, hofu ya maumivu na kuvuja damu nyingi, pamoja na gharama.

Ukivitazama vikwazo hivyo, utaona kwamba kila kimoja kinadai suluhu yake. Gharama huondolewa na serikali. Hofu ya maumivu hutulizwa na mhudumu wa afya. Utambulisho hauwezi kuguswa bila wazee na viongozi kusema. Serikali ilipozindua mpango huo mwaka wa 2008, wanasiasa wa Nyanza, akiwemo Waziri Mkuu wa wakati huo Raila Odinga, walijitokeza hadharani kuuunga mkono.

Katika kisa hicho, hakuna aliyeuliza ni mbinu ipi bora. Kila swali lilipelekwa kwa mbinu iliyoweza kulijibu.

KWA NINI KOSA HALIKOMI?

Ikiwa mambo ni wazi hivyo, mbona wanafunzi wanaendelea kupotea?

Sababu ya kwanza ni usimamizi. Msimamizi aliyefunzwa mbinu moja tu humwelekeza mwanafunzi huko, kwa kuwa hawezi kusahihisha asichokijua. Mhadhiri aliyelemewa na wanafunzi wengi hupendelea hojaji, kwa kuwa majedwali husahihishwa kwa haraka kuliko kurasa mia tatu za mahojiano.

Sababu ya pili ni vielelezo. Idara nyingi hudai tasnifu iwe na sura zile zile, vichwa vile vile na idadi ile ile ya malengo mahususi, bila kujali swali. Mwanafunzi wa historia simulizi hujikuta akitafuta nadharia tete na vigeu ambavyo kazi yake haivihitaji, ili kujaza nafasi iliyoachwa wazi katika kielelezo.

Sababu ya tatu ni soko. Kandokando ya vyuo vikuu wapo wanaochanganua data kwa malipo. Mwanafunzi huwakabidhi hojaji zake na kurudishiwa majedwali. Siku ya kutetea tasnifu, mtahini huuliza swali moja tu kuhusu jedwali la tisa, na ukimya unaofuata husema yote.

Ujio wa programu za akili unde umelifanya jambo hili kuwa la dharura zaidi. Sasa kompyuta yaweza kuchora majedwali na kupanga dondoo za mahojiano kwa dakika chache. Kazi iliyombakia mtafiti, ambayo ndiyo iliyokuwa yake tangu mwanzo, ni kujua anachouliza na kutambua iwapo alichoonyeshwa ni jibu.

MSETO SI MAFICHO

Wapo wanaodhani kwamba suluhu ni kutumia mbinu zote mbili. Mbinu mseto imepata umaarufu mkubwa, na mapendekezo mengi sasa huitaja katika aya ya kwanza ya sura ya tatu.

Ikitumiwa ipasavyo, ni mbinu yenye nguvu, kama ilivyoonekana Kisumu. Lakini inamtaka mtafiti aeleze ni ipi itatangulia na kwa nini. Je, mahojiano yatafanywa kwanza ili kujua maswali ya kuwekwa katika hojaji? Au hojaji itatangulia, kisha mahojiano yaeleze matokeo yasiyotarajiwa? Na je, matokeo ya mbinu hizo yakipingana, mtafiti atafanya nini?

Asiyeweza kuyajibu hayo hajachagua mseto, amekwepa kuchagua. Mara nyingi kinachopatikana ni hojaji 384 pamoja na mahojiano matano ya harakaharaka na maafisa wa wizara, na mwisho wake hakuna upande uliokamilika. Mshika mbili moja humponyoka.

Ikumbukwe pia kwamba gharama huongezeka. Anayejilipia karo kutokana na mshahara wa ualimu anapaswa kuambiwa mapema na msimamizi wake kwamba mseto waweza kumwongezea mwaka mzima uwanjani.

LA KUFANYA

Marekebisho yanaweza kuanza bila sheria mpya wala bajeti kubwa.

Jopo la idara linaweza kuanza kwa kumtaka mtahiniwa aandike swali lake katika sentensi moja, kabla ya kutaja mbinu. Kisha lamwulize: ukipata jibu, litakuwa na sura gani? Likiwa ni kiasi, ulinganishaji au uhusiano, ahesabu. Likiwa ni maana, mchakato au sababu kama zinavyoeleweka na wahusika, akae na asikilize. Likiwa ni yote mawili, aonyeshe muda na fedha alizo nazo.

Swali la tatu liwe hili: ni matokeo gani yatakayokuonyesha kwamba ulikosea? Mwanatakwimu asiyeweza kutaja matokeo yatakayoibatilisha nadharia tete yake, na mtafiti wa kimaelezo asiyeweza kumtaja mtu ambaye ushuhuda wake ungempinga, wote wawili bado hawajawa tayari kwenda uwanjani.

Vyuo navyo viwape wanafunzi wasimamizi wawili wenye ujuzi unaokamilishana, na viwafunze wote misingi ya mbinu zote mbili. Mtaalamu wa fasihi ya Kiswahili hahitaji kuwa bingwa wa takwimu, lakini ni vyema aweze kusoma jedwali bila kutishwa nalo. Mwanauchumi hahitaji kuwa mwanaanthropolojia, ila ajue kwamba nyuma ya kila tarakimu kuna mtu aliyeulizwa jambo kwa lugha fulani, mahali fulani, na mtu fulani.

Vielelezo vya tasnifu vilegezwe vilingane na aina ya swali. Na mtahini wa nje aulize daima kuhusu jinsi data ilivyokusanywa kabla ya kuuliza kuhusu marejeleo.

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Katika utafiti, kuuliza vizuri ndiyo kazi ngumu zaidi, na ndiyo inayofanywa kwa haraka zaidi. Mkulima wa Busia aliyeacha jembe lake saa nzima kumjibu mwanafunzi mwenye karatasi hatasoma tasnifu hiyo wala hatahudhuria mahafali. Anachostahili ni kwamba saa yake itumike kujibu swali lililofikiriwa.